Mahali pa Kirai na Kazi ya Mkato: Mifano kutoka Kiswahili cha Panda, Likasi

1. Suala lenyewe

Sarufi za Kiingereza zinazotumika mashuleni huweka kanuni mbili ambazo mwanafunzi mwenye Kiswahili huziona kuwa ngeni. Ya kwanza ni kwamba kirai kinachofafanua neno sharti kikae jirani na neno hilo. Ya pili ni kwamba mkato ni alama ya muundo na si alama ya kupumzikia, hata ukiwekwa au ukiondolewa maana ya sentensi huweza kugeuka. Mwanafunzi huzikariri kanuni hizi, akafaulu mtihani, kisha akazisahau, kwa kuwa hakuonyeshwa ni kwa nini lugha yake yaelekea kuishi bila kuzihitaji.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili nacho huzihitaji. Kinacho chombo kingine kinachobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, nacho ni upatanisho wa kisarufi. Lakini chombo hicho kina mipaka, na mipaka hiyo huonekana wazi zaidi tunapokiacha Kiswahili sanifu na kukitazama kile kinachosemwa katika miji ya migodi ya Katanga. Mahali tutakapopatumia ni Panda, mojawapo ya komuni nne za mji wa Likasi katika Kongo ya Kidemokrasia. Mifano yote yenye nambari imetungwa kwa ajili ya makala haya.

2. Upatanisho kama kamba

Tuanze na jozi nyepesi:

(1) Mwalimu alinunua viatu vya watoto vipya.
(2) Mwalimu alinunua viatu vya watoto wapya.

Katika (1) upya ni wa viatu. Katika (2) ni wa watoto. Mpangilio wa maneno ni ule ule, wala hakuna alama yoyote iliyoongezwa. Silabi moja mwanzoni mwa kivumishi imetosha. Mwandishi wa Kiingereza hana silabi hiyo. Kivumishi chake hakibadiliki, kwa hiyo hana budi kukisogeza karibu na nomino anayoikusudia au kuivunja sentensi na kuijenga upya. Kanuni ya ujirani anayofundishwa ni fidia ya upatanisho asio nao.

Jozi ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu ni ya aina inayoandikwa juu ya milango na katika mihuri:

(3) Chama cha walimu cha Likasi
(4) Chama cha walimu wa Likasi

Chama cha (3) kina makao Likasi, nacho huenda kikawa na wanachama kutoka kwingineko. Chama cha (4) ni cha walimu wanaofundisha Likasi, hata kama ofisi yake iko Lubumbashi. A-unganifu imefunga kirai "Likasi" kwenye nomino ya kwanza au ya pili kama kamba inavyofunga mbuzi kwenye mti huu na si ule. Tena kamba hii ni ndefu. Twaweza kusema "viatu vya watoto wa jirani yetu wa zamani vilivyoletwa jana", na msikilizaji hatadhani kwamba aliyeletwa jana ni jirani.

Kamba hukatika pale nomino mbili zinapokuwa za ngeli moja na idadi moja:

(5) Mtoto wa mwalimu aliyefika jana amepewa chumba.

Nani alifika? Tukisema "watoto wa mwalimu aliyefika" au "watoto wa mwalimu waliofika", utata huondoka mara moja. Lakini katika (5) wote wawili ni wa umoja, na wote wawili ni watu. Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijasisitizwa vya kutosha katika vitabu vya shule: kwa kuwa nomino zote zinazotaja viumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, sentensi zinazohusu watu ndizo zilizo hatarini kuliko zote. Sentensi zinazohusu viti na miti hujilinda zenyewe. Sheria, mikataba, wosia na hukumu, ambazo huhusu watu, hazijilindi.

Mpaka wa pili wa upatanisho ni vielezi. Kielezi cha wakati au cha namna hakina kiambishi cha kukifunga popote. Linganisha sentensi ya Kiingereza na ya Kiswahili:

(6) The clerks who come late often complain.
(7) Makarani wanaochelewa mara nyingi hulalamika.

Utata ni mmoja katika lugha zote mbili. Je, wanachelewa mara nyingi, au mara nyingi hulalamika? Mwanafunzi huvutwa kuweka mkato baada ya "wanaochelewa". Mkato huo ungemtenga mtenda na kitenzi chake, nao ungeponya kosa moja kwa kosa jingine. Dawa ni kuhamisha kirai: "Mara nyingi makarani wanaochelewa hulalamika", au "Makarani wanaochelewa hulalamika mara nyingi". Mahali huja kwanza, mkato hufuata. Nimeona tasnifu nyingi ambamo mwandishi anajaribu kutumia mkato kama kiraka juu ya kirai kilichokaa pasipo pake, na kiraka hakishiki.

3. Wakitoka, na baada ya kutoka

Kuna kosa moja la Kiingereza ambalo walimu hulipigia kelele kuliko mengine, nalo ni kirai kinachoning'inia: sentensi inaanza na kitendo kisichotajiwa mtendaji, kisha mtenda anayefuata si yule aliyekusudiwa. Kwa Kiingereza, ukianza na maneno yenye maana ya "wakitoka kazini" kisha ukaendelea na "mvua iliwanyeshea", msomaji mkali atakwambia kwamba umeitoa mvua kazini. Mwanafunzi wetu hushangaa, na ana haki ya kushangaa, kwa sababu katika lugha yake sentensi hii ni safi:

(8) Wakitoka kazini, mvua iliwanyeshea.

Kiambishi "wa-" katika "wakitoka" kimemtaja mtendaji. Mvua haiwezi kuwa "wa-". Umbo la -ki- huja na mtenda wake mgongoni, kwa hiyo halining'inii. Lakini tutazame hii:

(9) Baada ya kutoka kazini, mvua ilinyesha.

Hapa kitenzi-jina "kutoka" hakina kiambishi cha nafsi. Nani alitoka? Sentensi haisemi. Hili ndilo kosa lile lile la Kiingereza, nalo limejaa katika ripoti na magazeti yetu: "Baada ya kukagua kiwanda, mitambo ilifungwa", kana kwamba mitambo ndiyo iliyokagua. Kwa hiyo kanuni ya Kiingereza isifundishwe kama jambo la kigeni. Yafaa mwalimu aanze na (8) na (9), aonyeshe kwamba moja imetaja mtenda na nyingine haikumtaja, kisha aseme kwamba umbo la Kiingereza linalofanana kwa sura na (8) kwa kweli lafanya kazi kama (9).

Hata umbo la -ki- hushindwa pale tuliposhindwa katika (5). "Mlinzi alimkamata kijana akikimbia" haituambii nani alikuwa akikimbia. "Mlinzi aliwakamata vijana wakikimbia" yatuambia.

4. Kiswahili cha Panda

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Likasi, ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, ulikua kwa kazi za kampuni hiyo za kuchenjua shaba, na Panda ilikuwa miongoni mwa sehemu zake za viwanda na makambi ya wafanyakazi. Waliokusanywa hapo walitoka mbali na kwa lugha mbalimbali: Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, Rodeshia ya Kaskazini. Kiswahili kikawa lugha ya kazini na ya kambini. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameeleza jinsi wakoloni walivyokitwaa Kiswahili hicho, wakakiandikia vitabu vidogo vya amri, na jinsi wasemaji walivyokifanya kuwa chao.

Kiswahili hiki hakina upatanisho mpana kama wa Kiswahili sanifu. Kinatofautisha vizuri mtu mmoja na watu wengi ("muntu", "bantu"), lakini a-unganifu mara nyingi huwa "ya" popote, na kivumishi nacho huweza kufungwa kwa "ya" hiyo hiyo. Sentensi zetu (1) na (2) zikipita Panda, zote mbili huweza kukutana katika umbo moja:

(10) Bitabu ya batoto ya mupya

Vitabu ni vipya, au watoto ni wapya? Vilevile "chama cha walimu cha Likasi" na "chama cha walimu wa Likasi" huishia katika "ya" mbili zisizotofautiana. Wako wataalamu wa zamani waliolitazama jambo hili kwa dharau, wakaliita uharibifu. Sioni sababu ya dharau. Kiingereza nacho kilikuwa na viambishi tamati vingi vya upatanisho karne nyingi zilizopita, kikavipoteza, na mzigo ukahamia kwenye mpangilio wa maneno. Msemaji wa Panda, katika sehemu hii ya sarufi, yuko karibu na Mwingereza kuliko alivyo karibu na Mwunguja, na mwalimu wa Kiingereza wa Likasi angefaidika kulijua hilo. Mwanafunzi wake amekwisha kuishi katika lugha ambamo ujirani wa maneno ndio unaoamua.

Katika mazungumzo, (10) haimsumbui mtu. Sauti hushuka baada ya "bitabu", au huendelea moja kwa moja hadi "batoto", na msikilizaji anaelewa. Si bure kwamba E. O. Ashton, alipotoa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1944, alitaja kiimbo katika jina lenyewe la kitabu. Kwa upande wa Katanga, Vincent de Rooij alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1996 kwamba wasemaji hupachika viunganishi vya Kifaransa kama "donc" na "mais" katikati ya Kiswahili chao, na kwamba maneno hayo, kwa kuwa yanajitenga na lugha inayoyazunguka, huonyesha viungo vya mazungumzo: hapa hoja imekwisha, hapa nyingine inaanza. Mimi ningeongeza kwamba hiyo ni kazi ambayo mwandishi angeipa alama za uakifishaji.

Taabu huanza maneno yanapowekwa katika karatasi. Ushahidi bora tulio nao ni maandishi yaliyotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, yakisimulia historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Yaliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga na mtu ambaye shule haikumpa kanuni za kukiandika. Mipaka ya maneno huyumba, na alama za vituo hazifuati desturi yoyote ya vitabuni. Fabian, alipoyahariri pamoja na Kalundi Mango na kuyachapisha mwaka 1990, ilibidi yasomwe kwa sauti kwanza na msemaji wa lugha hiyo, ndipo yapate kugawanywa na kutafsiriwa. Msomaji wa kimya hakuweza kujua kwa hakika kirai kipi kinakwenda na nomino ipi. Sauti iliporudishwa, sentensi zilisimama. Sijui ushahidi mzuri kuliko huu wa kazi anayopewa mkato, nayo ni kusimama mahali pa sauti isiyokuwepo.

5. Mkato mmoja na mikato miwili

Kutokana na hayo, walimu wengi hufundisha kwamba mkato huwekwa "unapovuta pumzi". Fundisho hilo ndilo chanzo cha kosa lililoenea kuliko yote katika Kiswahili cha maofisini:

(11) Wafanyakazi wote wa kiwanda walioajiriwa kabla ya mwaka 1960, watalipwa.

Mwandishi amechoka, akavuta pumzi, akaweka mkato kati ya mtenda na kitenzi. Pumzi ni ya kweli, lakini alama si sahihi. Mkato unaofuata kishazi rejeshi una haki ya kuwapo iwapo tu mwingine umetangulia kishazi hicho, kwa maana kazi yao ni kama ya mabano: hufungua na kufunga. Mmoja peke yake hapo ni bano lililofungwa ambalo halikufunguliwa.

Mikato miwili inapokuwepo, maana hubadilika:

(12) Wafanyakazi waliotumikia miaka 25 watalipwa mkupuo mmoja.
(13) Wafanyakazi, ambao wametumikia miaka 25, watalipwa mkupuo mmoja.

Sentensi (12) yachagua: wapo wafanyakazi wengine, nao hawatalipwa. Sentensi (13) haichagui. Wote watalipwa, na habari ya miaka 25 imeongezwa tu. Katika (13) nimetumia "ambao" kwa makusudi, kwa kuwa kirejeshi kilichomo ndani ya kitenzi hupendelea kuchagua, na mwandishi anayetaka habari ya nyongeza tu humsaidia msomaji akiitumia amba-.

Mfano huu haukutoka hewani. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, waliondoka kazini kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Walilipwa mkupuo, na madai kwamba walistahili zaidi yaliendelea kwa miaka mingi. Sidai kwamba mkato ndio uliowadhulumu. Nasema tu kwamba makaratasi ya kazi ya Katanga huandikwa kwa Kifaransa, kisha huelezwa nyumbani kwa Kiswahili, kwa mdomo, na tofauti ya (12) na (13) ndiyo ya kwanza kudondoka njiani. Katika familia, tofauti hiyo ni ya karo na chakula.

6. Kirai kinachofuata orodha

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vyote hukwama, upatanisho uwepo usiwepo. Ni pale maneno mawili au zaidi yanapotajwa, kisha kirai kimoja kikafuata mwishoni:

(14) Watalipwa wafanyakazi na wajane waliojiandikisha.

Je, kujiandikisha ni sharti la wajane tu, au la wote? "Wa-" ni ya wote wawili.

Kesi mashuhuri ya utata wa namna hii ilimhusu mtu ambaye jina lake lafahamika katika historia ya Kongo. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ndiye aliyeandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904 kuhusu ukatili wa utawala wa Leopold wa Pili, ripoti iliyochangia nchi kuondolewa mikononi mwa mfalme huyo mwaka 1908. Mwaka 1916 Casement alishtakiwa London kwa uhaini, kwa kuwa alikuwa amekwenda Ujerumani wakati wa vita kukusanya mateka wa Kiayalandi wapigane na Uingereza. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani. Kwa maana yake, ilimhukumu mtu anayeambatana na maadui wa mfalme katika nchi ya mfalme, akiwapa msaada katika nchi hiyo au penginepo. Wakili wa utetezi alisema "au penginepo" yafafanua msaada tu. Aliyeambatana na adui sharti awe ndani ya nchi, na Casement alikuwa Ujerumani. Upande wa mashtaka ulisema maneno hayo yarudi nyuma hadi kwenye "kuambatana". Mahakimu wawili wa rufaa walikwenda wenyewe kuitazama hati ya kale, wakitafuta alama za kituo. Hoja ya utetezi ilikataliwa, na Casement akanyongwa tarehe 3 Agosti 1916.

Kesi nyingine ni ya karibuni. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilinyima malipo ya saa za ziada kazi kadhaa za vyakula, na mwishoni mwa orodha ilitaja kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji. Hapakuwa na mkato kabla ya "au". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, ambao husambaza lakini hawafungashi, walisema usambazaji hapo ni sehemu ya ufungashaji na si kazi ya pekee, kwa hiyo hawakunyimwa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliwaunga mkono, na mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Ukiisoma tafsiri niliyoitoa hapo juu, utaona kwamba Kiswahili hakikuondoa utata huo.

Kwa Kiswahili, njia ya kutoka ni ile niliyoipendekeza kwa makarani wa (7): kuhamisha kwanza. Ikiwa sharti ni la wajane tu, (14) iandikwe "Watalipwa wajane waliojiandikisha na wafanyakazi wote". Ikiwa ni la wote, iandikwe "Watalipwa wote waliojiandikisha, wafanyakazi na wajane". Mkato ulioko katika sentensi hii ya pili hauokoi chochote, maana maneno yamekwisha kukaa mahali pake. Unatenganisha tu, na hiyo ndiyo kazi inayoufaa.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Tangu nchi hiyo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hati za Kiingereza nazo zinamhusu mkazi wa Panda. Mtafsiri atakayezigeuza hizo kwa Kiswahili sanifu atapata a-unganifu na virejeshi vya kumsaidia. Atakayezieleza kwa Kiswahili cha kambini atakuwa na "ya" yake, mahali pa maneno, na sauti. Basi na akate sentensi ndefu ziwe mbili kabla hajafungua kinywa.